Je, Dawa ya Jino Bovu ni Kung'oa?



Upo msemo ambao kila mtu mjini Goma ameusikia, awe mkazi wa Birere, wa Himbi au wa Majengo: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Wazee huutumia wanapozungumzia mtumishi asiye mwaminifu au rafiki mpotovu. Lakini msemo huo ulizaliwa kinywani, na kinywani ndiko unakoendelea kutenda kazi yake kila siku. Kijana wa miaka 18 anashikwa na maumivu ya gego usiku wa manane. Anavumilia siku tatu kwa maji ya chumvi na karafuu. Siku ya nne anaketi kwenye kiti cha mganga, naye anatoka na pamba kati ya meno na pengo la maisha yake yote. Hakuna aliyemwuliza kama jino lile lingeweza kubaki.

Hatuandiki ili kuwashutumu wanaong'oa. Kung'oa ni huduma ya haraka na ya bei nafuu, na kwa mji uliopitia vita na volkano, haraka na unafuu si mambo ya kudharauliwa. Tena yako meno yasiyookolewa kwa njia yoyote. Tunaandika kwa sababu tumejifunza kwamba meno mengi yanayosemwa kuwa yamekataa dawa hayajakataa lolote. Hayajafahamika tu.

Tutazame kwanza jino lenyewe. Sehemu nyeupe inayoonekana ni enameli, nayo ni ngumu kuliko mfupa wowote wa mwili. Chini yake kuna dentini, yenye rangi ya manjano hafifu, iliyojaa vijia vidogo visivyoonekana kwa macho. Katikati kabisa kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hakiishii katika taji la jino. Kinaingia ndani ya mizizi kwa njia nyembamba iitwayo mfereji wa mzizi, hadi kwenye ncha, ambako mishipa hupenya kutoka ndani ya taya. Tundu linapochimbika hadi kukifikia kiini, vijidudu huingia. Kiini huvimba, lakini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia; ndiyo maana maumivu ya jino hayana mfano. Kisha kiini hufa, na huenda maumivu yakatulia ghafla. Wengi hufurahi siku hiyo wakidhani wamepona. Kumbe vijidudu vinaendelea kutembea ndani ya mizizi, na baada ya majuma au miezi jipu hujitokeza kwenye fizi.

Kwamba vijidudu ndivyo chanzo cha yote haya lilionyeshwa wazi mwaka 1965 na watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald. Walitoboa meno ya panya wa kawaida, na viini vya meno hayo vikaoza na kufa. Wakatoboa vivyo hivyo meno ya panya waliolelewa mahali pasipo na vijidudu hata kimoja, wakayaacha wazi, chakula kikajazana ndani yake. Viini vya panya hao havikufa. Vilijijengea daraja la dentini juu ya kidonda. Jeraha lilikuwa moja, lakini matokeo yalikuwa mawili, na tofauti ilikuwa vijidudu tu.

Kwa hiyo kazi ya kutibu mfereji wa mzizi ni rahisi kuieleza. Mganga hulitia jino ganzi. Hulifunika kwa mpira mwembamba uliotobolewa, ili mate yasiingie ndani. Mpira huo ulianza kutumiwa na Sanford Barnum wa New York mwaka 1864, na hadi leo hakuna uliouzidi. Hufungua tundu dogo juu ya jino, akaondoa kiini kilichokufa. Husafisha mifereji kwa visindano vyenye makali kama ya tupa, huku akiiosha kwa hipokloriti ya sodiamu, ambayo ndiyo dawa iliyomo katika maji ya javeli tunayosafishia nyumba zetu. Mwishoni huijaza mifereji kwa gutapecha, utomvu wa mti wa Asia ya kusini-mashariki, akaliziba jino lisiingiliwe tena. Jino halina uhai wa kiini tena, lakini mzizi wake bado umeshikwa na taya iliyo hai, nalo linaweza kutafuna miaka mingi.

Ugumu umo katika neno moja: mifereji. Ni mingapi, na iko wapi? Kitabu husema kwamba gego kubwa la juu lina mizizi mitatu, kwamba gego dogo la chini lina mfereji mmoja, na kadhalika. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Walter Hess wa Zürich alijaza mpira laini ndani ya maelfu ya meno yaliyong'olewa, akaugandisha, kisha akayayeyusha meno yenyewe ili ibaki sura ya mifereji peke yake. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1917. Kilichobaki mezani hakikufanana na mabomba yaliyonyooka ya vitabuni. Kilifanana na mito: mifereji iliyogawanyika, iliyoungana tena, iliyotoa vijito pembeni, iliyotawanyika karibu na ncha.

Sisi watu wa Goma tusistaajabu sana. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliyoingia mjini haikumwagika kutoka mdomo wa mlima, mahali ambapo kila jicho lilikuwa likitazama. Ilitoka katika nyufa zilizofunguka ubavuni, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika hadi ziwani. Anayelinda mdomo wa mlima pekee hajaulinda mji. Vivyo hivyo, anayesafisha mfereji anaouona na kuuacha wa pili asioujua hajalitibu jino, hata kama kazi aliyoifanya katika ule wa kwanza ni safi kabisa.

Zaidi ya hayo, yako meno ambayo umbo lake hutoka kabisa katika desturi. Mengine yana mfereji uliopinda mfano wa herufi C, kama utepe, badala ya kuwa duara. Mengine yana chumba cha kiini kirefu sana na mizizi mifupi. Hayo Arthur Keith aliyaita mwaka 1913 kwa jina linalomaanisha meno ya fahali. Mengine yamejikunja kwa ndani yalipokuwa yakiumbika, hata picha ikaonyesha mfano wa jino ndani ya jino. Mengine yana mzizi wa ziada uliojificha nyuma ya mwenzake.

Lakini tunaposema umbo lisilo la kawaida, yafaa tuulize: si la kawaida kwa nani? Mwaka 1986 Trope, Elfenbein na Tronstad walichapisha uchunguzi wa picha za magego madogo ya chini ya wagonjwa wa Marekani. Miongoni mwa wagonjwa weupe, karibu 1 kati ya 7 alikuwa na mifereji miwili au zaidi katika gego dogo la kwanza. Miongoni mwa wagonjwa weusi, wenye asili ya bara letu, ilikuwa karibu 1 kati ya 3. Jambo linalotokea kwa mtu mmoja kati ya watatu haliwezi kuitwa ajabu. Linaitwa ajabu tu pale ambapo kitabu kilichorwa kwa kuangalia vinywa vya watu wengine. Ndiyo maana tulifurahi kujua kwamba jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere walikusanya magego makubwa ya juu ya Waganda, 221 ya kwanza na 221 ya pili, wakayatia wino na kuyafanya yapenye mwanga, wakahesabu mizizi na mifereji yake. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Waliona kwamba mzizi wa mbele, upande wa shavu, ndio wenye sura nyingi zaidi kuliko mingine. Hiyo ni elimu iliyotoka katika vinywa vya watu wetu wenyewe.

Jambo hili limetugusa sisi binafsi. Gego letu dogo la kwanza la chini, upande wa kulia, lilitibiwa katika zahanati moja ya mjini. Mfereji mmoja ulisafishwa ukajazwa, jino likatulia kwa muda, kisha uchungu ukarudi kila tulipotafuna upande ule. Tuliporejea tuliambiwa kwa ufupi kwamba jino limekataa dawa, ling'olewe. Huenda tungekubali, maana uchungu humfanya mtu akubali mengi. Lakini rafiki mmoja alituelekeza kwa mganga mwingine wa meno, dada kijana ambaye umri wake unalingana na wa wanafunzi wetu wa zamani.

Hakushika koleo. Aliomba kwanza ile picha ya mionzi ya zamani, akaiinua mbele ya dirisha, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika.

"Mwalimu, ona hapa," akasema. "Mfereji huu unaonekana wazi hadi katikati ya mzizi, halafu unatoweka ghafla. Mfereji hautoweki bure. Mara nyingi unapotoweka namna hii umegawanyika."

"Basi jino halijakataa dawa, Dokta?"

"Dawa haijafika mahali pote, Mwalimu. Tuangalie kwanza."

Jenereta ilipowashwa alipiga picha ya pili, akiwa ameisogeza mashine kidogo upande, kama mtu anayejongea hatua mbili ili auone mti uliosimama nyuma ya mwingine. Na kweli, ulioonekana kuwa mstari mmoja ukawa mistari miwili. Akavaa miwani ya kukuzia, akaliongeza tundu la zamani upande wa ulimi tu, kiasi kisichozidi unene wa kucha, akatafuta kwa kisindano chembamba hadi kikaingia. Kazi ile ilichukua muda mrefu, na sehemu kubwa ya muda huo hakukata chochote: alitazama, akaosha, akatazama tena. Leo jino hilo bado liko mahali pake, na tunatafuna nalo mahindi ya kuchoma.

Kutoka kwake tulielewa maana ya matibabu yanayoondoa kidogo iwezekanavyo. Zamani mafundisho yalikuwa kufungua tundu pana, ili njia ya kuingia iwe imenyooka na mkono ufanye kazi bila kizuizi. Lakini jino lililotibiwa kwa kawaida halivunjiki kwa sababu limekauka, kama wengi wanavyodhani. Huvunjika hasa kwa sababu limepunguzwa sana. Kila chembe ya dentini nzima iliyokatwa hairudi tena, na iliyo ya thamani kuliko zote ni ile ya shingoni, mahali taji linapokutana na mizizi. Mwaka 2010 David Clark na John Khademi, wa Marekani, waliandika wakiwahimiza wenzao wailinde dentini hiyo. Vyombo vipya vimesaidia: visindano vya nikeli na titani, vilivyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1988, hupinda pamoja na mfereji badala ya kuulazimisha unyooke, hadubini na picha za mionzi za pande tatu humwonyesha mganga njia kabla hajagusa chochote.

Lakini wako walioupokea ushauri huo kwa kupita kiasi, wakashindana kufungua vitundu vidogo mno kana kwamba udogo wa tundu ndio ushindi. Wenzao wakawaonya, na wana haki: katika tundu dogo mno mganga huweza kuukosa mfereji wa pili, au kuacha nyama iliyooza pembeni, na uchunguzi uliofanywa haujathibitisha kwamba vitundu hivyo vinaliongezea jino nguvu kiasi cha kustahili hatari hiyo. Basi kipimo si tundu pana wala tundu dogo. Kipimo ni kuona. Ondoa kiasi kinachohitajika ili uone na usafishe vizuri, usiongeze hata chembe. Na kiasi hicho hakijulikani kabla ya kulichunguza jino hili lililo mbele yako.

Tulipokuwa tukisomea ualimu, ukutani kulikuwa na mchoro mkubwa wa jino, wenye rangi tatu na mizizi miwili iliyonyooka. Mchoro ule haukuwa uongo. Ulikuwa wastani, na wastani ni msaada kwa anayeanza. Hatari huanza pale ambapo mtu akutanapo na jino lisilofanana na mchoro hulilaumu jino. Walimu tunaijua hatari hiyo, kwa kuwa hata mwanafunzi ana mchoro wake vichwani mwetu: umri huu ajue hili, mwezi huu amalize lile. Asipofanana na mchoro tunasema amekataa kufundishika, na neno linalofuata huwa ni kumwondoa. Katika miaka yetu darasani tumewaona watoto waliohama mara tatu kwa sababu ya vita, wanaojua lugha nne lakini hawajui kuandika hata moja. Ukimfungulia mtoto huyo mlango uliozoeleka tu, utasema hamna kitu ndani. Ukisogea hatua mbili upande, utaona mstari wa pili.

Haraka ya kung'oa ina ubaya wake mwingine, unaowaangukia wasioweza kusema. Katika nchi za Afrika Mashariki ipo desturi ya kuchimba fizi za watoto wachanga wenye homa au kuhara, kwa madai kwamba wana meno mabaya. Watanzania huyaita meno ya plastiki, Waganda ebiino, Wanyarwanda ibyinyo. Kinachochimbwa si ugonjwa wala si plastiki. Ni chipukizi la jino la utotoni, mara nyingi chonge, ambalo halijatoka. Mtoto huweza kupoteza damu nyingi, kuambukizwa, hata kufa. Akipona, jino la ukubwani lililokuwa likiumbika chini yake huweza kutoka likiwa limepotoka umbo, au lisitoke kabisa. Kwa hiyo baadhi ya meno yenye maumbo ya ajabu hayakuumbwa hivyo; mkono wa mtu uliyaharibu. Ninyi mtakaokuwa wazazi kesho, ikataeni desturi hiyo kwa upole lakini bila kusita, na mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya.

Kanisa linaye mwombezi wa wenye maumivu ya meno, Mtakatifu Apolonia, mzee wa Aleksandria nchini Misri, ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Mwaka 249 kundi la watu wenye ghadhabu lilimkamata na kumpiga taya hadi meno yake yote yakavunjika. Wachoraji humwonyesha ameshika koleo lenye jino. Wengine hudhani koleo hilo ni la mganga. Sivyo: ni alama ya mateso yake, ya mikono iliyokuwa na haraka na hasira.

Sasa tuseme yanayowahusu ninyi moja kwa moja. Matibabu ya mfereji ni ghali kuliko kung'oa, na hapa Goma wenye vyombo na ujuzi wa kuyafanya vizuri ni wachache. Hatuwezi kumwambia kijana asiye na fedha kwamba ametenda vibaya akikubali jino ling'olewe. Lakini yapo mambo yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kuwahi. Tundu linalochoma kidogo kwa maji baridi kwa kawaida huzibwa bila kuufikia mfereji wowote. Na hata kiini kikiguswa, saruji maalumu zilizobuniwa tangu miaka ya 1990 huweza kukiacha hai. Hakuna matibabu yanayoondoa kidogo kuliko hayo. La pili, maumivu makali yakikoma ghafla bila tiba, usishangilie, nenda ukaangaliwe. La tatu, ukivimba uso na kupata homa, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo.

La nne ni kuuliza. Ukiambiwa jino ling'olewe, uliza kwa heshima: Je, limepigwa picha? Je, picha imepigwa kutoka upande zaidi ya mmoja? Je, inawezekana kuna mfereji mwingine? Na likibaki, litahitaji kofia ili lisivunjike? Mganga mwema hachukizwi na maswali hayo. Huenda jibu likawa kwamba mzizi umepasuka, au mfupa umeliwa mno, na kung'oa ndiyo haki. Basi kubali kwa moyo mtulivu, kwa kuwa jino lako limetazamwa kabla ya kuhukumiwa.

Na aliye miongoni mwenu mwenye mkono mtulivu na macho yanayopenda kuchunguza, afikirie kazi hii. Kinshasa kuna kitivo cha udaktari wa meno katika chuo kikuu, Makerere iko ng'ambo ya mpaka, na mifereji ya meno ya watu wa Kivu bado inahitaji wa kuihesabu.